Nia: jina la Kiwelisi au ni la kwetu?

Swali limetoka kwa msomaji mzaliwa wa Tanga anayeishi Cardiff, Wales, na mume wake Mwelisi. Wanatarajia mtoto wa kike. Upande wa mume umependekeza jina Nia, na mama mkwe anasisitiza kuwa ni jina la Kiwelisi tangu enzi na enzi. Mama mzazi wa Tanga alipoambiwa kwa simu alicheka: hilo si neno letu? Mtandaoni msomaji amekuta maana nne zinazogombana: mng'ao, shujaa, lengo, na nuru ya dhahabu. Anauliza ipi ni ya kweli, jina lina umri gani, kule linatamkwaje, na kuna nini cha kuangalia kabla ya kuliandikisha.

Dada, mama yako yuko sahihi, na mama mkwe naye yuko sahihi, ila kwenye hilo la "enzi na enzi" amezidisha chumvi. Hapa kuna majina mawili yasiyo na undugu wowote, yakakutana kwenye herufi tatu. Waliokuchanganya ni waandishi wa zile orodha za majina za mtandaoni: wanachukua maana ya jina moja na kuibandika kwenye jingine, kisha orodha moja inanakili nyingine mpaka kosa linaota mizizi.

Tuanze na la Wales. Mzizi wake uko ng'ambo ya bahari, Ayalandi, kwenye jina Niamh. Waayalandi hulitamka "Niiv" au "Niav", kutegemea mtu katoka upande gani wa kisiwa. Katika Kiayalandi cha kale, níam ni mng'ao, ule mmeto wa kitu kinachowaka machoni. Niamh anayejulikana kuliko wote ni Niamh Chinn Óir, yaani Niamh wa Kichwa cha Dhahabu, binti mfalme wa Tír na nÓg, Nchi ya Vijana, ambako watu hawazeeki. Anakuja juu ya farasi mweupe kumtaka Oisín, mwana wa shujaa Fionn mac Cumhaill (zingatia kwamba hapa anayeposa ni binti), na kumchukua hadi kwao. Oisín anadhani amekaa miaka mitatu, kumbe imepita 300. Anapokumbuka nyumbani, Niamh anampa farasi na kumwonya asithubutu kukanyaga ardhi. Njiani Oisín anainama kuwasaidia watu wanaohangaika na jiwe zito, mkanda wa tandiko unakatika, anaanguka, na papo hapo anageuka kikongwe kipofu. Masimulizi haya yalivuma hasa kwa utenzi wa Micheál Coimín wa Clare, uliotungwa yapata mwaka 1750.

Aliyelivusha jina hadi Wales, kwa sehemu kubwa, ni mshairi mmoja: T. Gwynn Jones (1871–1949), mzaliwa wa Denbighshire kaskazini mwa nchi, mwandishi wa magazeti ambaye baadaye alifundisha fasihi katika chuo cha Aberystwyth. Mwaka 1902 ndiye aliyetwaa kiti cha ushairi kwenye Eisteddfod ya Taifa, tamasha kuu la mashairi na muziki la Wawelisi. Alikijua Kiayalandi na alizipenda hadithi zake. Mwanzoni mwa karne ya 20 alitunga shairi la kuimbwa juu ya Oisín na Nchi ya Vijana, na yule binti akaingia katika Kiwelisi kwa jina la Nia Ben Aur.

Maneno haya matatu yanafaa kutazamwa kwa karibu, maana hapo ndipo jina lako lilipozaliwa. Chinn Óir ya Kiayalandi imehamishwa kipande kwa kipande. Chinn inatokana na ceann, kichwa, ambacho kwa Kiwelisi ni pen. Ni neno lilelile la kale: penye sauti ya k upande wa Ayalandi, mara nyingi utakuta p upande wa Wales. Óir ni ya dhahabu, na Kiwelisi kinasema aur. Zote mbili zimetoka kwenye aurum ya Kilatini. Basi pen aur ni kichwa cha dhahabu. Kwa kuwa linafuata jina la mwanamke kama sifa yake, p inalainika kuwa b, na tunapata Ben Aur. Wakwe wakikuambia kwamba "Ben" ni jina la mwanaume aliyekuwa naye, wanakutania.

Je, lile mh la mwisho limekwenda wapi? Herufi mh katika Kiayalandi ni m iliyolegea ikasikika kama v au w. Kiwelisi nacho kinazilegeza m zake vivyo hivyo na kuiandika sauti hiyo kwa f: Mair, ambaye ni Mariamu, ukitaja kanisa lake unasema Llanfair, na f hiyo inatamkwa v. Sasa Wawelisi wana mazoea ya kuimeza f inapokuwa mwisho wa neno. Mji huandikwa tref, lakini katika mazungumzo ni tre, na hata kwenye ramani utakuta Tre- nyingi. Jina linaloishia na v nyepesi namna ile lilikuwa tayari limeshaanza kupoteza mkia kwenye masikio yao, kwa hiyo Nia haikumshangaza mtu.

Usimtafute Nia kwenye Mabinogi, zile hadithi kongwe za Wales walimo Rhiannon na Branwen. Hayumo. Ukitaka jina la Kiwelisi lenye karne nyingi mgongoni, hilo ni Nest, Angharad au Gwenllian. Gwenllian ferch Gruffydd aliongoza jeshi dhidi ya Wanormani karibu na Cydweli mwaka 1136 akauawa huko. Gwenllian mwingine, binti wa ukoo wa watawala wa Gwynedd, kaskazini mwa Wales, alizaliwa 1282 na akafungiwa kwenye nyumba ya watawa Uingereza mpaka alipofariki 1337. Nia ni jina la karne ya 20, kijana kabisa ukilinganisha na hayo. Lilipata nguvu mpya mwaka 1974, pale opera ya roki iliyoitwa Nia Ben Aur ilipooneshwa kwenye Eisteddfod ya Taifa mjini Carmarthen. Ujana wake haulipunguzii Uwelisi. Wawelisi wenyewe wamelikubali zamani. Mbunge Nia Griffith, kwa mfano, alizaliwa mwaka 1956.

Sasa zile maana nne. "Mng'ao" ni sahihi, mradi useme kwamba maana hiyo ni ya Kiayalandi. Ndani ya Kiwelisi, nia si neno la kawaida. Kitu kinachong'aa ni disglair. Mwelisi anaposikia Nia haoni mwanga, anamwona yule binti wa hadithi. "Shujaa" imetokana na neno jingine kabisa la Kiayalandi cha kale, ambalo nalo huandikwa nia na maana yake ni mpiganaji hodari. Mtu kafungua kamusi, kakuta herufi zinafanana, kanukuu. Jina la Wales halikupitia hapo. "Nuru ya dhahabu" ni mshono: mng'ao wa Niamh umeunganishwa na dhahabu ya Ben Aur, ambayo ni sifa ya nywele zake, haimo ndani ya jina. Na "lengo" ni sisi tumenukuliwa, tena vibaya.

Maana lengo na nia si kitu kimoja, na wewe wa Tanga unalijua hilo kuliko mhariri wa orodha yoyote. Lengo liko mbele, mtu analifikia. Nia iko moyoni kabla mkono haujanyanyuka. Ndiyo maana tunatia nia kabla ya kufunga na kabla ya kusali. Neno limetujia kutoka Kiarabu, niyya, lenye mzizi wa herufi nuni, wau na ye. Waswahili wakapunguza ile y iliyokazwa, ikabaki nia. Lenyewe halijaegemea popote: kuna nia njema na kuna nia mbaya. Anayempa mtoto jina hili anakusudia ile njema, na hakuna asiyeelewa.

Kama jina la mtu, nia yetu ilipata umaarufu Marekani kabla haijazoeleka huku. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa huko California na kuijengea Nguzo Saba kwa maneno ya Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Nia ni nguzo ya tano, na siku yake ni tarehe 30 Desemba. Tangu hapo familia nyingi za Wamarekani Weusi zimewaita mabinti zao Nia, na hao jina lao ni la Kiswahili bila shaka yoyote. Kuna pia mkondo wa tatu, wa kifupisho: mwigizaji Nia Vardalos, Mkanada mwenye asili ya Ugiriki, jina lake kamili ni Antonia Eugenia. Kwa hiyo ukikutana na Nia usimkisie asili, muulize.

Njia ya kuthibitisha kwamba la Wales na la kwetu hayana undugu ni kuyarudisha nyuma. Chukua kila jina katika umbo lake la zamani kabisa unaloweza kulipata, kisha uyaweke sambamba. La Wales linarudi kwenye níam, lenye m mwishoni. La kwetu linarudi kwenye n-w-y, ambako m haipo kabisa na wau imo katikati. Kadiri unavyorudi nyuma ndivyo yanavyoachana. Maneno yenye undugu hufanya kinyume: pen na ceann leo hayafanani hata kidogo, lakini ukirudi nyuma yanakaribiana. Kipimo hiki kitumie kwa jina lolote utakaloambiwa kwamba "lina maana hiyohiyo kwa lugha zote mbili".

Je, mnaweza kusema mtoto ana majina mawili kwa pamoja? Mnaweza, na huo ndio ukweli wenyewe. Msichofaa kusema ni kwamba Nia ya Kiwelisi maana yake ni kusudio, au kwamba nia ya Kiswahili maana yake ni mng'ao. Kila bibi abaki na lake.

Matamshi hayatakusumbua. Kiwelisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili, hivyo jina linasikika NI-a Tanga na NI-a Carmarthen, silabi mbili. Watakaolivuruga ni Waingereza wanaolisoma kwa macho tu na kusema "Naya". Warekebishe mapema, kwenye kliniki na shule ya awali. Likishazoeleka vibaya mtoto mwenyewe ataanza kuliitikia.

Kuna faida nyingine iliyojificha. Kiwelisi hubadilisha herufi ya kwanza ya maneno kufuatana na kilichotangulia, kama ulivyoona Mair na Llanfair. Herufi zinazobadilika ni tisa: p, t, c, b, d, g, m, ll na rh. N haimo. Katika Kiwelisi cha leo majina ya watu kwa kawaida huachwa kama yalivyo, lakini hata mtunga mashairi wa kizamani asingepata pa kuligusa jina la binti yako. Utakachosikia ni Nia fach, "Nia kadogo", kwa mapenzi. Hiyo f ni v na ch ni kh, basi ni "vaakh". Na wakisema Nia wetu wanasema ein Nia ni.

Kwa Kiswahili, kaeni chonjo na upatanisho. Nia kama neno iko kwenye ngeli ya i-zi, lakini mtoto ni mtu: Nia amelala, Nia wetu. Ukisema "Nia yangu imelala" watu wataanza kukuuliza umekata tamaa na nini. Na ajiandae kusikia "penye nia pana njia" kutoka kwa kila mjomba tangu ubatizo au akika mpaka harusi. Haiepukiki.

Tahajia ndipo penye hatari. Andikeni Nia, basi. Huko Uingereza na Marekani utakutana na Niya, Nya na Nyah. Nya usiikaribie hata kwa bahati mbaya: msomaji wa Kiswahili ataliona lile neno la chooni mara moja, na watoto wa Tanga hawana huruma. Niya haina ubaya, ila inapoteza Uwelisi wake na haiongezi Uswahili wowote. Niamh ni zuri, lakini kumbuka kwamba nyumbani kwenu litasomwa "Niamuhu", na hapo hapo Cardiff utakuwa unalitaja herufi kwa herufi kila kaunta. Kwa kuwa Nia haina alama yoyote juu ya irabu, halitaharibika kwenye kompyuta za ofisi. Siân, kwa mfano, hupoteza ile alama yake, ambayo Wawelisi huiita to bach, paa dogo, kwenye mifumo mingi.

Kwa jina la pili, Nia ni fupi na laini, kwa hiyo linapenda kufuatwa na kitu chenye konsonanti iliyosimama. Nia Haf linatamkika vizuri (haf ni kiangazi, na linasomwa "haav"). Nia Mair ndilo ningelipa kura yangu, kwa sababu Mair ni Mariamu na pande zote mbili za familia zinamjua. Epukeni linaloanza kwa irabu: Nia Angharad yanagongana, na ukiyasema haraka yanakuwa "Niangharad". Mkitaka jina la pili liwe la Kiswahili, jueni kwamba alfabeti ya Kiwelisi haina k, q, v, x wala z. Haimaanishi ofisi itakataa Zuhura au Kibibi, haitakataa. Ila bibi wa upande wa Wales atahitaji mazoezi kidogo.

Wewe mazoezi yako ni mepesi kuliko ya Mwingereza, maana sauti nyingi za Kiwelisi unazo tayari. Dd ni dh ya dhahabu. Th ni th ya thelathini. Ch ni kh kama wazee wa pwani wanavyosema kheri. C ni k siku zote, f ni v, ff ni f, na w mara nyingi ni u. Si ikitangulia irabu ni sh, hivyo Siân ni "Shaan". Mji wenu wenyewe, Caerdydd, ni "Kairdidh". Ugumu uko kwenye ll tu. Weka ncha ya ulimi pale unapoiweka kwa l, iache hapohapo, kisha puliza hewa ipite pembeni ya ulimi bila kutoa sauti kooni. Ikitoka "kl" au "thl", umeutoa ulimi mahali pake. Jaribu na Llinos, jina zuri la ndege mdogo aimbaye, ambalo pia mnaweza kulifikiria.

Jambo la jina la ukoo linaweza kumfurahisha baba yako. Zamani Wawelisi hawakuwa na majina ya ukoo. Walisema fulani ap fulani kwa mwanaume, na fulani ferch fulani kwa mwanamke. Ferch ndiyo binti yetu. Ap ikagandana na majina mengine: ap Rhys ikawa Price, ap Hywel ikawa Powell, ab Owen ikawa Bowen. Wapo Wawelisi wa leo walioirudisha desturi hiyo, na sheria ya huko haiwalazimishi kumpa mtoto jina la ukoo la baba. Mume akiwa Dafydd, Nia ferch Dafydd linaandikishika bila tatizo, na Tanga litasomwa Nia binti Dafydd bila mtu kushtuka.

Mwisho ni ofisi. Mtoto aliyezaliwa Wales anatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 42. Mkiwa mmeoana, mmoja wenu anatosha kwenda. Uandikishaji unaweza kufanywa kwa Kiingereza na Kiwelisi pamoja, kwa sharti kwamba anayetoa taarifa azitoe kwa Kiwelisi na msajili awe anakielewa na kukiandika. Hivyo kama mnaitaka, mume ndiye aende, na aombe msajili wa Kiwelisi wakati wa kuweka miadi. Jina halitafsiriwi, linabaki Nia kwenye lugha zote mbili. Kabla ya kutia sahihi, soma kila kipande herufi kwa herufi, hasa jina la pili na majina yako wewe mama, kwa sababu huko ndiko wasajili wasiozoea majina ya Kiswahili hukosea, na kosa likishaingia kwenye daftari hulisahihishi bila kuleta ushahidi. Mkibadilisha mawazo juu ya jina lenyewe baada ya kuandikisha, mna miezi 12 tangu siku hiyo ya kuomba jina la kwanza lililobadilishwa au kuongezwa liingizwe kwenye rekodi, lakini lile la awali litabaki likionekana.